Adriano Atiman, Mtumwa Aliyekombolewa Akawa Tabibu wa Karema

Wapendwa wakatekumeni, katika katekisimo mnajifunza jina moja la Bwana Wetu Yesu Kristu ambalo wengi hulitamka upesi bila kulifikiri, nalo ni hili: Mkombozi. Mwalimu huuliza, nanyi mwajibu, kisha swali la pili hufuata. Lakini wazee wa Kasongo na wa Kabambare waliozaliwa zamani za biashara ya watu hawakuwa na haja ya kuelezwa neno hilo. Kwao kukomboa kulikuwa jambo la kuonekana kwa macho. Mtu aliyetekwa alikuwa ameketi chini na kongwa shingoni. Ndugu yake akaja na nguo za merikani, na shanga, na chumvi, na mbuzi. Vitu vikahesabiwa mbele ya mwenye mtumwa. Vikitosha, kongwa lilifunguliwa. Visipotosha, ndugu alirudi nyumbani akilia, na msafara ukashika njia yake. Basi mtu aliyekombolewa aliijua bei yake, na alimjua kwa uso mtu aliyeitoa.

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake alinunuliwa hivyo. Jina lake ni Adriano Atiman. Hakuzaliwa Maniema wala hakukaa Maniema. Lakini aliishi miaka 67 katika pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika, na ziwa hilo babu zenu walilijua kwa machozi. Njia kuu ya siku zile ilitoka Nyangwe, palipokuwa na soko kubwa kando ya mto Lualaba, ikafika Kasongo, makao ya Tippu Tip na ya Sefu mwanawe, ikapita Kabambare katika nchi ya Wabangubangu, ikashuka hata Mtowa ziwani. Hapo watu na pembe za ndovu walipakiwa vyomboni, wakavushwa mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji wakapelekwa Tabora na baharini. Waliokwenda kwa njia hiyo ni wengi. Waliorudi ni wachache. Katika misioni za kandokando ya ziwa, yaani Kibanga, Mpala na Karema, mapadri waliwakomboa watoto wengi, na kati yao walikuwamo watoto wa Maniema. Kwa hiyo habari za Karema si za kigeni kwetu. Pengine aliyefungwa jeraha na mikono ya Atiman alikuwa mtu wa ukoo wako.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Ni mbali sana. Ni upande mwingine kabisa wa Afrika, mahali ambapo miti inakwisha na mchanga unaanza. Akiwa bado mtoto alikamatwa na Watuareg, watu wa jangwani wanaopanda ngamia na kufunika nyuso kwa kitambaa. Wakamtenga na baba na mama yake, wakamvusha jangwa la Sahara. Jangwa hilo ni mchanga na mawe, mwendo wa majuma mengi, kisima kimoja hapa na kisima cha pili siku nyingi mbele, na asiyeweza kwenda huachwa nyuma. Wazee wetu waliofungwa katika misafara ya Lualaba wangaliitambua safari hiyo mara moja. Kwetu mateso yalikuwa msitu, mito na njaa. Kule yalikuwa jua na kiu. Lakini mnyororo ni mmoja.

Waliokwisha kufundishwa Agano la Kale watamkumbuka hapa Yosefu mwana wa Yakobo, ambaye ndugu zake walimtoa shimoni wakamwuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka Misri na ngamia zao. Habari hizo mbili zafanana, lakini si sawa. Atiman hakuuzwa na ndugu zake. Katika nchi yetu, kinyume cha hayo, wako waliouzwa na watu wa ukoo wao wenyewe kwa ajili ya deni au njaa, na wazee hawapendi kulisema jambo hilo mbele ya vijana. Maandiko Matakatifu hayakuona haya kuliandika.

Mwaka 1876 mtoto huyo akafikishwa Metlili, mji wa ukingoni mwa jangwa, kusini ya Aljeria. Mwanzoni mwa mwaka huo huo mapadri watatu, Paulmier, Ménoret na Bouchand, walikuwa wameshika njia ya jangwani ili wafike Timbuktu kuhubiri Injili, nao wakauawa kabla ya kufika. Walikuwa wa shirika la Mapadri Weupe, lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger. Shirika lilitafuta njia ya kwenda Timbuktu halikuipata. Na tazama, mtoto wa karibu na Timbuktu aliletwa mpaka mlangoni pake, tena sokoni, kama mali. Mimi sithubutu kusema kwamba Mungu aliwaacha mapadri wale wafe ili mtoto huyu aje. Njia zake hazihesabiwi hivyo. Nasema tu kwamba mambo hayo mawili yalitokea katika mwaka mmoja. Mapadri wakatoa fedha, wakamchukua mtoto, na tangu siku ile hakuwa tena mtumwa wa mtu.

Sasa nataka mnisikilize vizuri. Bwana Wetu aliwasimulia watu habari za mtu mmoja aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Walimvua nguo, wakampiga, wakamwacha karibu ya kufa. Kuhani alipita, Mlawi akapita. Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa na Wayahudi, ndiye aliyeshuka, akamwaga mafuta na divai katika majeraha yake, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi. Habari hiyo husomwa mara nyingi kanisani, na kila mara Msamaria husifiwa, kama ipasavyo. Lakini Injili haisemi neno hata moja juu ya yule mgonjwa baada ya kupona. Je, alitoka katika nyumba ya wageni akaendelea na shughuli zake, akasahau? Je, alikaa maisha yake yote akiwachukia wanyang'anyi? Siku nyingine alipomkuta mtu kando ya njia, alishuka au alipita? Bwana hakutuambia. Nafikiri alituachia sisi sehemu hiyo ili tuimalize, kwa sababu mtu yule aliyelala njiani ni sisi.

Maisha ya Atiman yalikuwa namna moja ya kuimaliza.

Alipelekwa Alger, akawekwa pamoja na watoto wengine Waafrika waliokombolewa. Huko alifundishwa kusoma, kuandika, lugha ya Kifaransa na mambo ya dini. Hakubatizwa siku ile aliyonunuliwa. Lavigerie hakutaka ubatizo uwe kama alama inayopigwa juu ya mzigo. Ni yeye aliyeweka katika misioni zake kanuni ya miaka minne ya kujiandaa, na kanuni hiyo iliwachosha wengi. Hata leo, ingawa muda umepunguzwa, wako wanaonung'unika kwamba wanangojeshwa mno. Wao wafikiri hivi: mtoto aliyetolewa minyororo katika soko la Metlili naye alingoja, akajifunza, akaulizwa maswali, ndipo akabatizwa kwa jina la Adriano.

Askofu Mkuu huyo, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa ameona kwamba Ulaya haitaiongoa Afrika. Waafrika wenyewe ndio watakaowaletea ndugu zao Injili. Akataka vijana kadhaa kati ya waliokombolewa wafundishwe utabibu kamili, kisha waende kukaa katika nchi za ndani wakiishi kama wenyeji, wakila chakula cha wenyeji, wakioa huko na kujenga nyumba zao. Tabibu hukaribishwa hata pale ambapo mhubiri hufukuzwa. Kazi yao ilikuwa na pande mbili: kuutibu mwili, na kufundisha dini pamoja na kuwabatiza walio katika hatari ya kufa. Kwa ajili hiyo Kardinali alifungua nyumba ya wanafunzi katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na vijana wakahudhuria masomo ya udaktari huko. Nyumba hiyo haikudumu hata miaka ishirini. Kama tungeihesabu kazi kwa wingi wa matunda, tungesema haikufaulu sana. Lakini ndani yake alitoka Atiman.

Alimaliza masomo mwaka 1888. Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, kwa agizo la Papa Leo XIII, alizunguka Paris, London na Brussels akiwahubiria watu wa Ulaya juu ya uovu wa biashara ya watumwa, akawaeleza habari za nchi za Tanganyika na Maniema kama alivyoandikiwa na mapadri wake. Wakati watu wa Ulaya walipokuwa wakisikiliza, kijana mmoja aliyeujua utumwa kwa ngozi yake mwenyewe alikuwa akifunga sanduku la dawa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa na elimu ambayo Waafrika wachache sana wa siku zile waliipata. Angaliweza kubaki kaskazini, akaishi vizuri. Akaenda Zanzibar na msafara wa wamisionari, na kutoka pwani wakaanza kwenda kwa miguu.

Iwazeni safari hiyo. Njia waliyoifuata ndiyo njia ile ile ambayo watumwa na pembe za ndovu walishushwa kwenda baharini. Atiman aliipanda kwa kinyume. Mara ya kwanza katika maisha yake alipovuka nchi kubwa alikuwa amefungwa, naye hakujua aendako. Mara hii alikwenda kwa miguu yake huru, kwa mapenzi yake, kuelekea mahali ambako wengine walitamani kutoka. Safari ilichukua miezi mingi, na mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopoldo wa Pili mwaka 1879, kisha wakawaachia mapadri mwaka 1885. Kuzunguka ngome palikuwa na kijiji cha waliokombolewa, watu wa makabila mengi wasio na ukoo mmoja wala lugha moja, na nje yake nchi ya Wabende, na mbele zaidi Wafipa. Siku zile hazikuwa za amani. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala, Kapteni Joubert alikuwa akiwalinda watu kwa silaha dhidi ya wateka watu. Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu ziwani, na watu wake walivisumbua vijiji vya pwani ya magharibi. Huyo Rumaliza ninyi wa Kabambare mnalijua jina lake, maana ndiye aliyekuja kupigana katika nchi yenu wakati wa vita vya Dhanis. Kasongo ilitwaliwa mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894, na utawala wa Waungwana ukavunjika. Watu wengi walidhani kwamba mateso yamekwisha. Kweli ya mambo ni kwamba walioishika nchi baada yao nao waliwatwika watu mizigo, wakawadai mpira na pembe, na njia ya Kabambare kwenda ziwani iliendelea kukanyagwa na wapagazi waliochoka. Minyororo ya mtu huondoka upesi kuliko desturi ya kumfunga mwenzake.

Katikati ya mambo hayo yote Atiman alifanya kazi yake. Mimi nikiandika maisha ya mtu wa vita, ningekuwa na siku moja ya ushindi ya kuwasimulia. Maisha ya tabibu hayana siku ya namna hiyo. Yana asubuhi. Watu wanakuja, wamekaa chini ya mti au barazani, mmoja ana kidonda cha mguu kinachonuka, mwingine homa, mama ana mtoto asiyenyonya, mvuvi ameumwa na nyoka. Anawatazama mmoja mmoja, anasafisha, anafunga, anatoa dawa, kesho wanarudi. Kisha jioni mafundisho ya dini. Hesabuni asubuhi za miaka 67.

Dawa za Ulaya zilifika kwa misafara, na misafara ilichelewa, wakati mwingine haikufika. Atiman hakukaa akingojea sanduku. Alijifunza majani, mizizi na maganda ya miti ya nchi ile kutoka kwa wenyeji, akayapima kwa elimu aliyoipata Malta, yaliyofaa akayatumia. Jambo hilo si dogo. Wako Wakristu wanaofikiri kwamba mtu akibatizwa ni lazima adharau kila jani alilolijua babu yake. Na wako wengine, tena ni wengi zaidi, ambao Dominika huimba kanisani, na mtoto akiugua Jumatatu usiku humchukua kwa mfumu ili apige ramli na kumtaja mlozi.

Someni kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya thelathini na nane. Mwenye hekima yule anafundisha kwamba tabibu aheshimiwe kwa sababu Bwana ndiye aliyemwumba. Kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa kazi ya Mungu, na mtu mwenye akili hazidharau. Kwamba mgonjwa kwanza amwombe Bwana na kuutakasa moyo wake na dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake. Tazameni mpango huo: sala, toba, dawa. Ndani yake hamna mahali pa kumtafuta jirani wa kumlaumu. Tofauti ya Atiman na mfumu haikuwa kwamba mmoja alitumia chupa na mwingine mizizi. Atiman alitumia mizizi pia. Tofauti ni kwamba mgonjwa alipotoka kwa Atiman alikuwa na dawa mkononi, na alipotoka kwa mfumu alikuwa na jina la adui moyoni: mke wa pili, au mjomba, au bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Mara ngapi katika vijiji vyetu homa ya mtoto mmoja imevunja ukoo mzima? Mtoto amekufa kwa homa, na bibi kizee amefukuzwa kwa fimbo. Mkatekumeni anayejiuliza kama amekwisha kuwa tayari kubatizwa asijipime kwa sala anazozijua kwa moyo tu. Ajiulize atakwenda wapi usiku ule mtoto wake atakapougua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia katika pande zote mbili za ziwa Tanganyika. Nzi wake hukaa katika vichaka vya pwani na vya kando ya mito, na watu wengi walikufa. Vijiji vikahamishwa kwa amri za serikali. Wakati huo dawa ya kweli ilikuwa haba, na tabibu mara nyingi hakuwa na la kufanya ila kukaa karibu na mgonjwa. Atiman alikuwa pale. Mtu asiyeweza kuponya ambaye hakimbii, huyo pia amemwaga mafuta na divai.

Nirudi nyuma kidogo niseme habari za nyumba yake. Mara baada ya kufika alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende. Nataka wasomaji wa Kasongo walifikiri jambo hilo, kwa sababu ya ugonjwa mmoja tulio nao, ambao hauna dawa hospitalini. Kwetu wamo watoto wa Waungwana wa zamani, na watoto wa waliotekwa, na watoto wa wenyeji walioikuta misafara ikipita, na wote wamechanganyika katika mitaa na vijiji. Siku za amani wanaitana ndugu. Lakini ukitokea ugomvi wa shamba, au wa mahari, utasikia neno la zamani linafufuliwa: fulani babu yake alikuwa mtumwa wa fulani. Mtu humtazama mwenzake aliyeketi naye benchi moja ya mafundisho, akamwona ana kongwa lisilokuwapo. Naye anayetukanwa, badala ya kucheka, huinama, kana kwamba bei aliyolipiwa babu yake ni aibu yake.

Mtume Paulo aliandika barua fupi sana, fupi kuliko zote alizoziandika, kwa ajili ya mtumwa mmoja jina lake Onesimo. Huyo alimkimbia bwana wake Filemoni, akamkuta Paulo kifungoni, akabatizwa. Paulo alimrudisha na barua mkononi, akimwomba Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa, ampokee kama angempokea Paulo mwenyewe. Na kama Onesimo ana deni lolote, Paulo atalilipa. Na Wakorinto aliwaandikia kwamba mtumwa aliyeitwa katika Bwana ni mtu huru wa Bwana, na aliyeitwa akiwa huru ni mtumwa wa Kristu. Wote wamenunuliwa kwa bei. Basi yule anayejivuna kwamba ukoo wake haukununuliwa kamwe, atazame asije akajitoa mwenyewe katika hesabu ya waliokombolewa msalabani.

Watawala wa Wabende hawakuwa na barua ya Paulo. Walimpa binti mgeni ambaye hakuwa na ukoo hata mmoja katika nchi ile, mtu aliyeuzwa na kununuliwa utotoni, kwa sababu waliona kazi ya mikono yake. Katika wao Atiman alipata shemeji na jamaa. Walimzalia pia mwana. Mwana huyo akaitwa Yosefu, jina la yule aliyeuzwa Misri akaja kuwalisha ndugu zake wakati wa njaa. Mtoto alisoma katika seminari, na mwaka 1923 akapata upadri. Mapadri Waafrika wa pande zetu walikuwa bado wachache wa kuhesabika kwa vidole. Stefano Kaoze, wa kwanza wa Kongo katika siku hizi zetu, alikuwa amepadrishwa mwaka 1917 ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Baudouinville. Hivyo mtoto wa Tundurma, ambaye fedha yake ilihesabiwa sokoni, alipiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe kupokea baraka ya padri mpya, kama ilivyo desturi ya wazazi Wakristu.

Atiman aliwaona Wadachi wakiitawala nchi, akawaona wakiondoka. Mwaka 1916 askari wa Kibelgiji walivuka kutoka Kongo, na wengi wao na wapagazi wao walitoka katika nchi zetu; baadaye Waingereza wakaja. Serikali zikabadili bendera, kodi na fedha. Wagonjwa wa barazani hawakubadilika. Hakutafuta utajiri katika kazi yake, ingawa tabibu mmoja katika nchi kubwa namna ile angaliweza kujipatia ng'ombe wengi. Alikuwa amepokea bure, kama Bwana alivyowaambia mitume wake, akatoa bure. Katika uzee wake alipewa nishani, na habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapwa Tanganyika mwaka 1946, hivyo watu wa mbali nao wakamjua. Nishani ilimkuta akiwa mzee wa miaka themanini ambaye bado aliulizwa dawa.

Wengine wameuliza kama mtu wa namna hiyo hakuumia moyo. Aliporwa utoto wake, na mama aliyemzaa hakuonja matunda ya kazi yake. Mimi nadhani jeraha la namna hiyo halifungi lote. Yosefu wa Misri, alipokuwa tayari mkuu wa nchi yote, alipowaona ndugu zake aliingia chumbani akalia, akanawa uso, akatoka tena kuwaandikia chakula. Maandiko hayasemi kwamba hakulia. Yasema alinawa uso akatoka.

Adriano Atiman alikufa Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama tisini. Yosefu mwana wa Yakobo, kabla ya kufa, aliwaapisha ndugu zake kwamba wataichukua mifupa yake kutoka Misri, na Musa aliichukua siku ile Waisraeli walipotoka. Atiman hakuhitaji kuchukuliwa kwenda popote. Alizikwa hapo hapo Karema, kati ya Wabende na Wafipa na watoto wa waliokombolewa, upande wa pili wa ziwa ambalo babu zetu walivushwa.